Mshtakiwa Asiye na Tarehe ya Kurudi

Kila redio inapotangaza kwamba mtuhumiwa wa mauaji ameamriwa kupelekwa Mirembe kupimwa akili, maneno ya vijiweni huwa yaleyale: huyo keshaponyoka. Ama wakili wake mjanja, ama ndugu zake wana hela, ama mwenyewe fundi wa kuigiza. Nairobi husemwa hivyohivyo ikitajwa Mathari, na Kampala ikitajwa Butabika. Ukweli wa kesi hizi ni mwingine kabisa. Mshtakiwa anayeonekana hana akili timamu ya kujibu mashtaka anaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko mwenzake aliyetenda kosa hilohilo, akakiri na kufungwa. Mfungwa ana tarehe ya kutoka, na msamaha wa sikukuu huenda ukaisogeza karibu. Mahabusu wa kawaida ana tarehe ya kesi kutajwa, hata kama kila siku anaambiwa upelelezi haujakamilika. Huyu wa tatu hana tarehe yoyote.

Kuna mambo mawili hapa ambayo habari za mahakamani huyachanganya kila siku, na yasipotenganishwa hakuna kitakachoeleweka.

La kwanza ni akili ya mshtakiwa siku ya tukio. Alipoinua panga, alijua anafanya nini? Alijua kwamba hapaswi kufanya? Alikuwa na uwezo wa kujizuia? Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwamba mtu aliyekosa uwezo huo kwa sababu ya ugonjwa ulioathiri akili yake hawajibiki kwa jinai. Ila sheria hiyohiyo huanza kwa kudhani kwamba kila mtu ni mzima wa akili, na anayedai vinginevyo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kanuni hii asili yake ni London, mwaka 1843, Daniel M'Naghten alipompiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini kwamba chama tawala cha Tory kinamwandama. Wakoloni waliileta huku pamoja na sheria zao nyingine, na ingawa imefanyiwa marekebisho hapa na pale, mwili wake ni uleule.

La pili ni akili yake leo, akiwa amesimama kizimbani. Anaelewa ameshtakiwa nini? Anaweza kumweleza wakili wake kilichotokea? Anajua yule aliyevaa joho ni nani na anaweza kumfanya nini? Mtu anaweza kuwa timamu siku ya tukio, akachanganyikiwa baada ya miaka mitatu ya mahabusu. Mwingine alikuwa hoi siku ile, akatibiwa, na leo anapanga hoja kuliko msomaji wa makala haya na mwandishi wake. Jambo la kwanza linahusu hatia, na hujibiwa mwisho wa kesi. La pili linahusu kama kesi ianze au isianze, na ndilo linalozaa watu wasio na tarehe.

Sababu ya mahakama kukataa kumhukumu asiyejielewa si huruma peke yake. Mfumo wetu wa kesi umejengwa juu ya pande mbili kushindana, na upande mmoja ukiwa haupo, ushindani haupo. Mshtakiwa ndiye anayejua kwamba yeye na shahidi wa tatu wana ugomvi wa mpaka wa shamba. Ndiye anayejua saa ile alikuwa kilabuni na nani. Asipoweza kuyasema hayo, wakili wake anapapasa gizani, na jaji anasikia hadithi ya upande mmoja akidhani amesikia zote.

Kipimo cha uwezo huo ni cha zamani kuliko hospitali zetu zote za akili. Mwaka 1836, Uingereza, aliletwa mahakamani kiziwi asiyesema, Pritchard kwa jina, na jaji akawaelekeza wazee wa baraza wajiulize mambo matatu: ananyamaza kwa makusudi au kwa maumbile? Anaweza kujibu kwamba ametenda au hakutenda? Ana akili ya kutosha kufuata mwenendo wa kesi na kujitetea ipasavyo? Waingereza wanatumia kipimo hicho mpaka leo. Wamarekani walipata chao mwaka 1960 katika shauri la Dusky, ambamo Mahakama ya Juu ilisema haitoshi mshtakiwa kujua leo ni siku gani na yuko wapi. Lazima awe na ufahamu wa kweli wa mashtaka na aweze kushauriana na wakili wake kwa akili iliyotulia. Sheria za Afrika Mashariki ni fupi zaidi. Zinauliza tu kama mshtakiwa ana uwezo wa kujitetea, kisha zinamwachia daktari na mahakama wajaze yaliyobaki.

Tufuate jalada moja. Mtu mwenyewe ni wa kubuni, lakini vituo vyake vimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania Bara, ambayo katika Toleo la 2022 inalishughulikia jambo hili katika vifungu vya 216 hadi 220.

Tuseme ni mkulima wa Kwimba, mkoani Mwanza, anayetuhumiwa kumuua mjomba wake. Majirani wanasema tangu masika alikuwa akiongea peke yake na kulala nje ya nyumba. Anafikishwa mahakama ya wilaya. Kosa ni mauaji, na mahakama hiyo haina mamlaka ya kulisikiliza. Kazi yake ni kulitaja na kuliahirisha mpaka upelelezi ukamilike na jalada liende Mahakama Kuu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili karandinga linamleta, jina linaitwa, ananyoosha mkono au mwenzake anamnyooshea, kisha anarudi gerezani. Hapa hakuna anayemuuliza swali lolote linalohitaji akili kulijibu. Tena mgonjwa mkimya hamsumbui mtu: anayepiga kelele usiku huonekana haraka, anayetazama sakafu mchana kutwa husifiwa kwa nidhamu. Anaweza kupita hivyo mwaka, miwili, mitatu.

Siku inafika anasomewa mashtaka mbele ya Jaji. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Anajibu kwamba mbuzi wameshakunywa maji. Wakili aliyepangiwa kumtetea kwa gharama za serikali, ambaye pengine amekutana naye asubuhi hiyohiyo, anasimama: Mheshimiwa Jaji, naomba mshtakiwa akapimwe akili. Wakili wa Serikali hana pingamizi. Amri inatolewa apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili, na daktari alete ripoti ndani ya siku 42.

Siku hizo 42 ndiyo saa pekee iliyomo katika utaratibu wote, na hata yenyewe huanza kuhesabiwa mshtakiwa akishawekwa hospitalini. Kutoka Mwanza hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 600. Kati ya amri ya Jaji na kitanda cha hospitali kuna gari, mafuta, askari wa kusindikiza na nafasi ya kumpokea, na katika hayo yote sheria haikuweka siku hata moja.

Anakopelekwa ni Isanga, taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo hupokea watu wanaoletwa na mahakama na magereza. Mtaani hudhaniwa kwamba upimaji ni kukaa na daktari saa moja na kujibu maswali. Kazi kubwa zaidi hufanywa na wauguzi. Wao ndio wanaoona anakula vipi, analala saa ngapi, anaongea na nani akidhani hakuna anayemtazama. Kuigiza wazimu mbele ya daktari kwa saa moja kunawezekana. Kuuigiza wiki sita mbele ya muuguzi wa zamu ya usiku ni kazi nyingine. Madaktari wa fani hii wanajua pia kwamba anayeigiza huelekea kuzidisha: husimulia majini yenye pembe na moto, hupachika dalili za magonjwa matatu tofauti, na hupenda kusikilizwa. Mgonjwa halisi mara nyingi hufanya kinyume, huficha. Sauti anazosikia zimemkataza kuzitaja, au ameshajifunza kwamba akizitaja watu humcheka.

Ripoti ikirudi inaweza kusema ni mzima, kesi ikaendelea. Ikisema hana uwezo wa kujitetea na Mahakama ikaridhika hivyo, kesi inasimamishwa. Kama kosa lina dhamana, ndugu wanaweza kumchukua wakitoa uhakika kwamba watamtunza, hatajidhuru wala kudhuru mtu, na ataletwa akihitajika. Mauaji hayana dhamana. Basi Mahakama inaamuru ahifadhiwe, na mwenendo wa shauri unapelekwa kwa Waziri. Waziri akishausoma anaweza kuagiza awekwe hospitali ya akili au mahali pengine panapofaa. Siku akipata nafuu, mganga mkuu wa hospitali anaandika hati kwamba sasa anaweza kujitetea na kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Mkurugenzi anaijulisha Mahakama kama Jamhuri inataka kuendelea au la. Ikitaka, mshtakiwa anarudishwa kizimbani. Isipotaka, anaachiwa mara moja.

Ukiusoma mzunguko huo umekaa vizuri sana. Mahakama, Waziri, hospitali, Mkurugenzi wa Mashtaka, Mahakama tena. Kila ofisi imeelezwa ifanye nini ikipokea karatasi. Ila hakuna hata moja iliyopewa kazi ya kuuliza karatasi iko wapi ikiwa haijafika. Jaji ameshaahirisha bila tarehe, na pengine amehamishiwa kanda nyingine. Waziri hamjui mtu huyu mpaka jalada limfikie mezani. Daktari anasubiri mgonjwa apone, na kazi yake ni kutibu, hana wajibu wa kukimbiza mafaili. Mkurugenzi anasubiri hati ya daktari. Wakili alilipwa kwa kesi ambayo sasa haisikilizwi. Hakuna katika hao aliyevunja sheria, na mtu anaweza kuzeeka humo.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa maoni yangu, kuliko katika uhaba wa madaktari au ubovu wa majengo, mambo ambayo hutajwa kwanza kila linapojadiliwa suala hili. Hospitali nzuri zaidi barani haiwezi kumtoa mtu ambaye hakuna anayemdai.

Na bado huyo wa Kwimba ana bahati, kwa sababu maradhi yake yanatibika. Ni skizofrenia, ugonjwa ambao mara nyingi huitikia dawa. Sindano moja ya mwezi inaweza kumtuliza mgonjwa kiasi cha kukaa na wakili wake na kuzungumza. Wako wasiotibika. Kuna aliyezaliwa na ulemavu wa akili, ambaye uelewa wake ni wa mtoto wa miaka minne na utabaki hapo. Kuna mzee aliyepoteza kumbukumbu. Kuna aliyeumia ubongo kwa malaria kali utotoni. Kwa hao, sheria inayosema kesi isimame mpaka mshtakiwa awe na uwezo wa kujitetea inasema, kwa maneno mengine, maisha. Haikutungwa kwa ukatili. Waliotunga walimfikiria mgonjwa anayepona, wakamsahau asiye mgonjwa bali ndivyo alivyo.

Marekani ililazimika kulikabili jambo hilo mwaka 1972. Theon Jackson, kijana wa Indiana, alikuwa kiziwi asiyesema, asiyejua kusoma wala kuandika, na mwenye akili ya mtoto mdogo. Alishtakiwa kwa unyang'anyi mara mbili. Mali yote kwa pamoja ilikuwa ya thamani ya dola 9. Madaktari walisema hataweza kamwe kushiriki katika kesi yake, na jimbo likaamua akae hospitalini mpaka atakapoweza. Mahakama ya Juu ilisema hapana. Mtu haruhusiwi kushikiliwa kwa sababu tu hawezi kujibu mashtaka, zaidi ya muda wa kutosha kujua kama kuna matumaini ya kweli kwamba atapata uwezo huo karibuni. Kama matumaini hayapo, serikali imfungulie utaratibu wa kawaida wa kumlaza mgonjwa asiyetaka, ambao una masharti yake, au imwache aende.

Ni uamuzi mzuri ambao haukumaliza taabu. Majimbo mengi ya Marekani hayakuweka kikomo kinachoeleweka, na washtakiwa wamekuwa wakisubiri jela kwa wiki na miezi ili kitanda cha hospitali kipatikane, mpaka mahakama ya shirikisho katika jimbo la Washington, katika shauri la Trueblood mwaka 2015, ikaamuru wasisubiri zaidi ya siku 7, kisha ikaanza kulitoza jimbo faini liliposhindwa kutimiza. Nchi yenye fedha kuliko zote nayo imeshindwa kumhamisha mtu kutoka jela hadi wodini kwa wakati mpaka ilipobanwa na jaji mwenye kalenda.

Uingereza nayo ilikuwa na aibu yake. Katika miaka ya 1980 kiziwi mmoja aliyeshtakiwa kuiba paundi 5 na globu tatu alionekana hawezi kujibu mashtaka, akapelekwa kufungiwa kwa muda usiojulikana. Kelele zilizofuata, pamoja na kesi ya mwanamke aliyefungiwa kwa mauaji ambayo mtu mwingine alikuja kuyakiri, zilizaa sheria ya 1991. Tangu hapo, mshtakiwa asiye na uwezo anasikilizwa juu ya jambo moja tu: je, kitendo chenyewe alikifanya? Ushahidi ukipwaya, anaachiwa huru hata kama hajui kilichoendelea. Huku kwetu utaratibu wa kuahirisha unaisimamisha kesi ushahidi ukiwa haujapimwa. Mtu anaweza kuhifadhiwa miaka kwa kitendo ambacho labda hakukifanya yeye, na kwa kuwa hawezi kujieleza, hakuna atakayejua.

Angalieni jinsi viziwi wanavyojirudia katika historia hii. Pritchard, Jackson, yule wa globu tatu. Si bahati mbaya. Mahakama isiyo na mkalimani wa lugha ya alama humwona kiziwi kama mtu asiye na akili, na Kenya iliandika jambo hilo waziwazi: kifungu cha 167 cha sheria yake ya mwenendo wa jinai kinamhusu mshtakiwa ambaye si mwendawazimu lakini hawezi kueleweshwa kinachoendelea, na kiliandikwa kuruhusu ashikiliwe kwa ridhaa ya Rais. Hapo tiba ingekuwa mkalimani.

Rudi kwa wanaotibika, maana nao wana shimo lao. Mtu anatulia hospitalini, daktari anaandika hati, anarudishwa mahabusu kusubiri kikao cha Mahakama Kuu. Kikao kiko mbali. Zahanati ya gereza ina Panadol na dawa za malaria; dawa yake yeye imekwisha, au imebaki ya wiki moja. Anaanza tena kukosa usingizi. Anapofika mbele ya Jaji amerudia hali ileile, na amri ileile inatolewa. Mzunguko huu unajulikana duniani kote, na dawa yake si ngumu: tarehe ya kesi ipangwe kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, na dawa za miezi zisafiri naye.

Kuna wanaofika mwisho wa kesi. Mahakama inasikiliza, inaridhika kwamba mshtakiwa alitenda, na inaridhika pia kwamba siku ya tukio akili haikuwepo. Hapa historia ina kituko chake. Mwaka 1800 James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George wa Tatu ndani ya ukumbi wa michezo wa Drury Lane. Akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwona mitaani, Bunge likatunga haraka sheria ya kumshikilia mtu wa namna hiyo mpaka Mfalme atakaporidhia. Mwaka 1882 mtu mwingine akamfyatulia Malkia Victoria, naye akaonekana hana hatia. Malkia alikasirika: mtu kanilenga mimi, vipi hana hatia? Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili uamuzi usomeke kwamba mshtakiwa ana hatia lakini ni mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliyaacha maneno hayo mwaka 1964. Kenya iliyarithi na kuendelea nayo. Tanzania ilichukua njia nyingine, kwamba ametenda lakini kwa sababu ya wazimu hana hatia.

Tofauti hiyo ina uzito kwenye karatasi, na heshima ya mtu si jambo dogo. Lakini usiku wa siku hiyo wote wawili wanalala mahali palepale. Tanzania anahifadhiwa akisubiri amri ya Waziri. Kenya, kwa sheria ilivyoandikwa, akisubiri ridhaa ya Rais. Kenya angalau iliandika kwamba baada ya miaka mitatu ipelekwe ripoti ya hali yake, kisha kila baada ya miaka miwili. Hata hivyo kinachokwenda ni ripoti, kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali hadi kwa mwingine. Mgonjwa mwenyewe hafiki mbele ya jaji.

Majaji wa nchi nyingine za Afrika wameanza kuuchoka utaratibu huu. Uganda, mwaka 2015, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu kilichoruhusu mshtakiwa asiye na akili timamu kufungiwa bila kusikilizwa ipasavyo. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Fort Portal ilipokea ombi la mwanamume aliyemuua mtoto wake mwenyewe akiamini ni nyoka. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi akisubiri amri ya Waziri ambayo haikuja. Jaji alisema mamlaka ya kuamua hatima ya mtu ni ya mahakama, si ya waziri, na neno Waziri katika sheria hiyo ya zamani lisomwe kwa macho ya Katiba. Kenya, Mahakama Kuu ya Kisumu mwaka 2018 na Mahakama ya Rufaa mwaka 2021 zilifika hapohapo kuhusu ridhaa ya Rais. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba mwaka 2015 ilikataa sheria iliyomlazimisha hakimu kumpeleka gerezani mshtakiwa asiye na uwezo hata kama si hatari kwa mtu yeyote. Ni vigumu kuamini kwamba hoja hizi zitaishia mpakani Namanga na Mutukula.

Kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, mkataba ambao Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inaona kwamba kumtangaza mtu kuwa hana uwezo wa kujibu mashtaka ni ubaguzi wenyewe. Mwaka 2016 iliilaumu Australia kwa shauri la Marlon Noble, mwenyeji wa asili mwenye ulemavu wa akili, aliyekaa gerezani zaidi ya miaka kumi kwa tuhuma ambazo hazikuwahi kuthibitishwa, na ambazo zingethibitishwa pengine angefungwa miaka miwili au mitatu. Kamati inasema: mpeni msaada anaouhitaji, msikilizeni kama watu wengine, kesi iishe.

Naielewa hoja hiyo na siikubali kwa mazingira yetu. Msaada unaozungumzwa ni mtu wa kukaa naye, kumweleza kwa lugha nyepesi, kumpumzisha, kurudia. Kwetu wakili wa kesi ya mauaji anaweza kumwona mteja wake dakika ishirini. Adhabu ya mauaji Tanzania ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, na ingawa hakuna aliyenyongwa tangu 1994, wanaohukumiwa wapo. Kuondoa kinga hii kabla ya kuujenga msaada huo ni kuwapandisha wagonjwa kizimbani wakiwa peke yao. Kinga ibaki, ila iwe na kikomo: daktari aulizwe mapema kama matumaini ya kupona yapo, kesi isiyoanza itajwe mbele ya Jaji kwa tarehe kama kesi nyingine zote, na muda wa kushikiliwa usiupite ule ambao angefungwa kama angepatikana na hatia. Mengi ya hayo hayahitaji Bunge. Vikao vya kusukuma mashauri, ambavyo huwakutanisha mahakama, polisi, magereza na waendesha mashtaka, vipo tayari. Hospitali ikipewa kiti, orodha ya waliosahaulika itajulikana ndani ya robo mwaka.

Linabaki jambo ambalo jaji hawezi kuliamuru. Mgonjwa wa akili akiua, mara nyingi huua wa karibu: mama, mke, mtoto, mjomba. Familia inayotakiwa kumpokea ndiyo familia iliyozika. Nyumba moja ina mjane wa marehemu na mama wa aliyeua, na wote wawili wana haki. Watoto wa mjomba wameapa. Wazee wanataka kwanza fidia na matambiko, shamba limeshagawanywa, na kitanda chake kina mtu mwingine. Ofisa ustawi wa jamii akifika na barua ya kwamba kijana amepona, ataulizwa swali ambalo barua haikulijibu: atapewa dawa na nani, na siku akizikataa itakuwaje? Wako wanaobaki hospitalini miaka baada ya kuruhusiwa kwa sababu gari la kuwarudisha nyumbani halina pa kushusha.

Tanzania iliwahi kuwa na jibu la sehemu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili waliotulia, Hombolo mkoani Dodoma kikiwa kimojawapo, ambako mtu alilima, alipata dawa zake, na ndugu waliweza kuishi karibu naye. Kabla ya hapo Lutindi, juu ya milima ya Usambara, hospitali ya akili iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1904, ilikuwa imeonyesha kwamba jembe linafanya kazi ambayo chumba chenye nondo hakiwezi. Sheria inamruhusu Waziri kuchagua hospitali au mahali pengine panapofaa, na kijiji cha namna ya Hombolo kinaweza kuwa mahali hapo kwa yule ambaye daktari ameridhika kwamba ametulia na kwao hakumtaki. Kinachotakiwa ni sahihi ya Waziri, muuguzi wa kudumu na fungu katika bajeti ya wizara, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kusubiri sheria mpya.